Tata, Uliandika Kanivo

Tata, baba yangu,

Ulale unapolala, sikukatazi, lakini leo utanisikiliza kwanza. Barua hii nimeianza mara tatu kwa penseli na mara tatu nimeifuta, kwa sababu kila nikifika kwenye neno lenyewe nakasirika upya na mistari inapinda. Sasa naandika kwa wino. Tena naiacha wazi, aisome kila anayekaa avenyu yetu, maana jambo hili linamhusu kila anayekaa avenyu yetu, na aliyelifanya limhusu ni wewe.

Wewe, uliyenifundisha kuandika mambo yalivyo.

Nilikuwa darasa la tano. Kampuni ilikuwa imewagawia wafanyakazi ajenda za mwisho wa mwaka, yale madaftari yenye tarehe, ukaja na moja ya jalada la kijani chini ya kwapa. Kaka Kazadi aliitaka kwa kuwa ndiye mkubwa. Ukamwambia angeijaza michoro ya magari, ukanipa mimi. Kesho yake asubuhi ulinipeleka nyuma ya nyumba, pale Kamema unapopita, ukachomeka mtoni fito uliyoichonga alama kwa kisu, ukaniagiza kila asubuhi niandike maji yamefika alama ya ngapi, mvua iwepo isiwepo. Nilikuuliza faida yake. Ulikuwa unajipangusa matope kwenye suruali ya kazi, hukuniangalia hata.

"Kitu yenye haiandikwe, Ngalula, kesho bantu banaikatala."

Nikaandika. Nimeandika mpaka leo. Fito zilioza zikabadilishwa, ajenda za kampuni zilikwisha nikahamia kwenye daftari za kawaida, nikamaliza sekondari, nikapata kazi ya kushika rejista katika shule ya msingi kwa sababu mkuu wa shule aliupenda mwandiko wangu. Kila ukurasa una tarehe, kila tarehe ina alama ya maji, na chini yake maneno machache ya siku hiyo. Maji alama ya nne, Mama amelowesha muhogo. Alama ya pili, Kazadi ameoa. Alama ya sita, Tata amelazwa. Siku uliyofariki nilitoka katikati ya wageni, nikaenda mtoni kusoma fito, nikarudi nikaandika alama ya tatu, na shangazi akawaambia watu wanishike, nimerukwa na akili. Hukunifundisha kuruka siku.

Unakumbuka Kamema ulivyo. Si mto wa kujivunia. Unaanzia kwenye matete nyuma ya kile kilima cha mawe yaliyotupwa na mgodi, unapita chini ya reli, unapita kando ya soko, unapita nyuma ya parseli zetu, viwanja tisa, kisha unakwenda kujimwaga kwenye mito mikubwa na mwishowe Lualaba, ambayo haijui hata kama umefika. Kiangazi mtu anauruka ndoo mkononi. Mvua ikishika, hata gari haliuvuki. Wageni waliotujia kutoka Dilolo au Mutshatsha walikuwa wakichungulia dirishani na kuuliza, "Haka kakanivo kanatokeaka wapi?" Hapo ulikuwa unaweka kijiko chini. Mgeni angeweza kusema lolote juu ya serikali, juu ya padri, juu ya sisi wenye asili ya mkoa wa Kasai, ukanyamaza ukaendelea kula. Lakini hilo hapana. Ulikuwa unamweleza kwamba kanivo ni mfereji wa kando ya barabara, umechimbwa na mtu, unabeba maji machafu ya watu na hauna mahali pa kutoka. Mto una mahali unapotoka. Mto una jina. Mimi na Kazadi tulikuwa tunalifuatisha somo hilo kwa midomo bila sauti, kama katekisimu, na Mama akitukanyaga miguu chini ya meza.

Siku Kazadi alipokojolea Kamema, hukumchapa. Ulimpeleka mlango kwa mlango kwa akina mama wote wa upande maji yanakoelekea, awaombe radhi. Alilia njia nzima. Mama Kapinga, jirani yetu wa parseli ya nne, alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mwiko, kisha akamshukuru kwa sababu siku hiyo chumvi ilikuwa imemwishia. Wewe hukucheka. Nilikuangalia vizuri, hukucheka.

Na ile Jumapili ya magunia. Mama alikuwa amelowesha muhogo ndani ya lile birika la mawe ulilomjengea ukingoni, magunia mawili, bukari yetu, ugali wa mwezi. Tulikwenda misa jua likiwaka. Juu kule, nyuma ya reli, mvua ilikuwa imenyesha bila kutuambia. Tuliporudi magunia yalikuwa yanasafiri. Ulikimbia na suti yako na tai yako, unapita ndani ya viwanja vya watu, akina mama wanakuelekeza kwa vidole, "Tata, imepita, imepita tena." Ulirudi baada ya saa moja na gunia moja begani na kiatu kimoja mguuni, unanuka muhogo uliochacha. Mama hakuuliza habari ya kiatu. Aliuliza gunia la pili liko wapi. Juma lile kila tulipokaa kula ulikuwa unanusa bukari na kusema inanukia kiatu. Nayo niliiandika.

Nakukumbusha haya yote, Tata, ili ujue kwamba nilikuamini.

Sasa sikiliza hali ilivyo. Kamema umekuwa jalala la mji mzima. Watu wa avenyu nyingine wanakuja na toroli zimejaa chupa za plastiki, nepi, mabaki ya soko, wanamwaga, wanaondoka wakipiga mluzi. Huko juu vijana wanaochimba wanaoshea mawe yao, basi mpaka saa sita mchana maji yanatujia rangi ya chai ya maziwa. Nikimkemea mtu ananitazama kama mgonjwa. Mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alinijibu kwa upole kabisa, "Mama, kanivo njo kazi yake hii." Nikampa somo lako lote, la mahali pa kutoka na la jina. Alinisubiri nimalize, akamwaga.

Halafu zikaja buze. Mwanzoni mwa mwaka huu wa shule malori yalipanga kando ya barabara yale mabomba makubwa ya saruji ambayo mtoto anaweza kusimama ndani. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, akapita akitangaza kwamba kanivo zote za kartie zitaingizwa ndani ya buze, juu patafukiwa, na mahali patakapobaki wazi patagawanywa viwanja. Alikuwa na orodha. Ya tatu kwenye orodha ilikuwa Kamema. Watu wengine walipiga makofi, kwa sababu walifikiria harufu na mbu. Sisi wa ukingoni hatukupiga. Tunayajua maji haya mvua inaposhika. Bomba lile halitayatosha, na maji yasipopata pa kwenda yatarudi juu na kuingia kwa watu, na hayatabisha hodi. Upande wa chini wa avenyu kuna wajane wawili na nyumba tatu zenye watoto wachanga.

Tukaunda kamati. Wakanichagua mimi kuwa katibu kwa sababu nina daftari. Na mimi, Tata, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyesubiri mtihani ambao majibu yake anayajua. Kanivo hukauka kiangazi. Mimi nilikuwa na maandishi ya miaka na miaka, kila siku ya mwezi wa nane, na hakuna siku hata moja maji yaliposhuka chini ya alama ya kwanza. Nilizifunga daftari ndani ya kitenge, ishirini na kitu, nikapanda pikipiki mimi na Mama Kapinga, tukaenda ofisi ya komini, kule manispaa.

Aliyetupokea ni kijana mpole wa idara ya viwanja. Siwezi kumlaumu kwa lolote, na hilo nalo linaniudhi. Alizisoma daftari kwelikweli, karibu saa nzima, akilowesha kidole kila ukurasa. Mahali fulani alicheka. Kumbe ilikuwa ile ya bukari inayonukia kiatu. Nikaanza kuhesabu moyoni nitakavyowasimulia wenzangu. Kisha akasema kazi yangu ni safi, lakini hata wao wana maandishi yao. Akaingia ndani, akarudi na dosie, jalada la karatasi za parseli yetu, akaifungua mbele yangu mahali pa mipaka.

Mashariki, avenyu. Magharibi, parseli ya jirani. Kusini, njia ya miguu. Kaskazini, kanivo.

Kwa mwandiko wako. Ile herufi ya kwanza iliyopinda kama ndoano, ile sahihi yenye mistari miwili chini yake, ambayo nilijifunza kuiga kwenye ripoti za shule. Nilimwambia ni kosa, labda karani alikuandikia. Hakubishana. Alifungua dosie ya pili, ya tatu, ya nne, akazipanga mezani mpaka zikawa tisa. Majina tofauti, sahihi tofauti, wengine wametia dole gumba. Maneno ya mipaka yote mwandiko mmoja.

"Mama, huyu mutu njo nani? Mukono yake iko mu dosie yote."

 Mama Kapinga alinijibia kwamba ni baba yangu, akaanza kucheka, akacheka vizuri, mkono kifuani, halafu akaacha ghafla kwa sababu aliiona dosie ya nne kuwa yake.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wewe ndiye uliyejua Kifaransa avenyu nzima. Majirani walikuwa wanakuja Jumamosi mchana na karatasi zao, unawajazia kwenye meza yetu, na wao wanatuachia fungu la lengalenga au kuku. Na mimi ndiye niliyekuwa nakushikia karatasi kwa viganja viwili zisipeperuke. Nilikuwa na miaka minane, Kifaransa sijui. Nilishikilia uongo wako kwa mikono yangu miwili, na ukanisifu kwamba nina mkono uliotulia.

Kijana akatueleza bila haraka. Kando ya mto sheria inaacha mita kadhaa, hapajengwi. Kando ya kanivo haiachi kitu. Kama mngeandika mto wakati ule, parseli hizi zisingetolewa kwa mtu yeyote. Sasa, tukitaka Kamema uitwe mto, kila mwenye parseli aje kabla ya Ijumaa jioni, asaini kwamba mpaka wake wa kaskazini uliandikwa vibaya. Buze zitasimama. Lakini watu wa kupima watakuja, na zile mita zitahesabiwa kuanzia kwenye maji kuelekea majumbani kwetu. Nikauliza kama naweza kusaini peke yangu, maana mimi niko tayari. Akakuna kichwa.

"Muto haiwezi kuanzia kwako na kuishia kwako, Mama. Itaingia mu parseli yako iko muto, itatoka iko kanivo. Nitaandika je?"

Ilibidi tusaini wote tisa.

Njia nzima ya kurudi nilizibeba daftari mgongoni. Mama Kapinga alisema ya kutosha kwa watu wawili, na dereva wa pikipiki akachangia.

Nilimkuta Mama amekaa mlangoni anachambua maharagwe. Unajua anavyochambua, anayasogeza moja moja kama anayaita kwa jina. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kitenge cha daftari bado mgongoni, na sauti nilikuwa nimeipandisha, nakiri. Nilisema ulitufundisha kuheshimu mto huku umeuuza ofisini. Nilisema na mengine. Hakuinua macho.

"Mi njo nilimuambia aandike vile."

Nikakaa chini.

Akanisimulia nusu ninayoijua na nusu nisiyoijua. Miaka ile tulipoambiwa sisi wa Kasai turudi kwetu, ilhali wewe na yeye mlizaliwa hapahapa, mkatolewa nyumba ya kampuni na vitu vyote vikabaki ndani; kazi ulirudishiwa baadaye, nyumba hapana. Majuma yale pa gare, pale stesheni, tukisubiri treni, watu wamelala kwenye saruji kama mizigo. Mdogo wangu wa mwisho alibaki kule, hilo nalijua, nakumbuka kisanduku kile. Nisilolijua ni kwamba treni ilipokuja wewe ndiye uliyekataa kupanda. Ulimwambia Mama huwezi kwenda mahali ambapo hujazika mtu. Mkarudi mjini kwa miguu. Kila mlipoomba kiwanja, waliuliza jina, wakisikia jina wakafunga kitabu. Mpaka mkafika kwenye matope haya ambayo hakuna aliyeyataka. Karani akauliza kaskazini pako nini. Ukamtazama Mama. Mama alikuwa na mimi mkono mmoja na Kazadi mkono wa pili, na mvua ilikuwa inakuja. Akakuambia kwa Kiluba, andika kanivo, tukalale.

Ukaandika. Kisha wengine, waliokuwa na shida ileile, wakaja wakakuomba uwaandikie hivyohivyo, na hukuweza kuwanyima.

Kwa hiyo sikukasirikii uongo, Tata. Hilo limekwisha siku ileile, juu ya maharagwe. Ninachokukasirikia ni ajenda ya kijani. Ninachokukasirikia ni miaka yote hiyo ya kuweka kijiko chini, kumfundisha mgeni wa Dilolo tofauti ya mto na kanivo, huku unajua kilichomo kwenye kabati la komini. Ulikuwa unamsahihisha nani? Ulikaa kitandani miezi minne kabla ya kufa, nilikusomea alama za maji kila asubuhi, ulikuwa unatikisa kichwa kwa kuridhika. Asubuhi moja tu kati ya hizo ungeniambia. Ningeandika, ningefunga daftari, ningejiandaa. Badala yake nimekwenda kuyajua kwa kijana wa watu, mbele ya Mama Kapinga!

Jumapili baada ya misa niliwaita wenye parseli uani kwetu. Niliwaeleza mwanzo hadi mwisho, na jina lako sikulificha. Nilitegemea watakasirika, lakini sikutegemea watanikasirikia mimi. Mwenye parseli ya saba alisema wewe uliwapa nyumba na mimi mwanao nataka kuwanyang'anya. Mwingine aliuliza kama ukuta wake mpya nitaubeba kichwani. Kazadi alipigiwa simu Lubumbashi, akawekwa kwenye sauti kubwa, akatoa hekima yake kwamba kanivo ama mto, maji ni maji, tuache. Yeye anakaa kilimani. Nilikata simu.

Mama Kapinga alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri, kile chako, na alisubiri wote wamalize.

"Tata wake alinisainisha bongo. Leo mutoto anataka kunisainisha kweli. Hii familia haitanicheza mara mbili."

Watu walilisikia hilo neno bongo, uongo, wakacheka. Nilishikwa na uchovu, Tata, uchovu wa miaka, nikafungua daftari na kuanza kuwasomea siku za alama ya sita. Siku maji yalipochukua choo cha parseli ya pili. Siku tulipowatoa watoto dirishani kwa yule mjane wa kwanza. Siku Mama Kapinga mwenyewe alipolala kwetu siku tatu, na akalalamikia chai. Nilisoma tu, sikuongeza kitu. Kisha nikauliza: siku kama hizi, maji haya yakiwa ndani ya bomba, yatakwenda wapi?  Walianza kutazama viatu.

Aliyezungumza ni Mama, kutoka mlangoni. Kila mtu anajua nyumba yetu ndiyo iliyo karibu zaidi na maji. Jikoni ndiyo ya kwanza kukatwa, kisha chumba chake.

"Nilipikaka inje pa gare na mutoto mugongoni. Sikufa. Bale benye kuwa na batoto badogo, njo babakie na nyumba."

 Walitawanyika bila kuniaga vizuri.

Ijumaa nilikuwa komini tangu saa mbili asubuhi. Mwenye parseli ya saba alifika wa kwanza, hakunisalimia, akasaini, akatoka. Kisha wale wajane pamoja, wameshikana mikono. Kisha wengine, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na sura ya aliyekuja kumaliza ugomvi na mtu asiyekuwepo. Mtu asiyekuwepo ni wewe. Saa tisa tulikuwa wanane, mimi ndani yake. Parseli ya nne ilikuwa haijaja, katikati ya nyingine. Yule kijana alikuwa amekwisha panga kalamu zake kwenye kikombe na anaitazama saa ya ukutani, na mimi nilikuwa najaribu kufikiria mto ambao ni mto kwa watu watatu, kanivo kwa mmoja, halafu mto tena. Nilimchukia Mama Kapinga. Nilikuchukia na wewe. Nilijichukia na mimi kwa viganja vyangu viwili.

Akaingia. Alikuwa amevaa nguo yake ya Pasaka, ile ya maua ya zambarau, na kilemba, kana kwamba amekuja kupigwa picha. Hakuketi. Akaweka kidole kwenye dosie yake.

"Andika muto. Na chini yake uandike: baba ya Ngalula alikuwa mubongo, lakini alikuwa mubongo yetu."

Kijana akaandika neno la kwanza. La pili alisema fomu haina nafasi. Mimi ninayo nafasi, nikaliandika lote, kwa tarehe yake.

Juma lililofuata watu wa kupima walikuja na kamba na rangi nyekundu. Walianza kwenye maji wakaja mpaka kwetu. Jikoni imepata msalaba. Chumba cha Mama kimepata msalaba. Kona ya sebule, pale kitanda chako kilipokuwa, rangi imepita katikati kama waliulizia. Kwa Mama Kapinga wamekata kibanda cha kuku na nusu ya veranda, na amenitumia ujumbe kwa kila mpita njia kwamba kuku watalala kwangu. Mwenye parseli ya saba amepoteza ukuta wake mpya. Bado hanisalimii. Buze ziko palepale kando ya barabara, kazi imesimama mpaka vipimo viishe, na hakuna aliyetuahidi kwamba haitaanza tena. Watu wa toroli wanaendelea kumwaga. Jana nilimwambia mmoja kwamba huu ni mto, imeandikwa komini, nenda ukasome. Akaniambia hajui kusoma. Mwaga basi, nikamwambia. Nilikuwa nimechoka.

Kuna jambo moja nimelizungusha kichwani siku hizi zote nikivunja jikoni tofali kwa tofali, maana tunayavunja wenyewe ili yasipasuke. Ungeandika mto, tusingepata pa kukaa. Uliandika kanivo, tukapata, ukatulea hapa, ukafia hapa, na leo nabomoa. Nimejaribu kukukasirikia kwa nusu moja tu ya maneno hayo na kukushukuru kwa nusu nyingine, kila moja na ukurasa wake, kama ninavyopenda mambo yakae. Hayakubali kutengana. Kwa hiyo nimeyaacha pamoja, hivyohivyo, na hasira yangu imekwama hapo katikati, haiendi mbele wala hairudi.

Nisingependa ujibu. Ungenieleza vizuri, ningekubali, na sitaki kukubali bado.

Sasa naacha, Mama ananiita. Ukuta wa mwisho wa jikoni umelala tangu asubuhi, wingu limeshuka, na masufuria yake yote yako nje.

Binti yako, niliyekukasirikia na niliyekusahihisha.